Programu za bure za kuchora na kutengeneza saundi za gemu: mwongozo kamili kwa anayeanza

Ukikaa na vijana wanaotaka kutengeneza gemu utasikia stori ileile. Mmoja ana Photoshop ya kukraki aliyopewa kwenye flashi, mwingine kadaunilodi programu ya muziki ya mamilioni kutoka saiti isiyoeleweka na sasa laptopu inafungua matangazo yenyewe usiku, na gemu lenyewe hata mstari mmoja halina. Na wala haja hiyo haipo, maana kila unachohitaji kwa gemu ya kwanza kipo bure na kihalali kabisa, ishu ni kwamba vipo vingi mno, mtu anavishusha vyote, bando linakata, diski inajaa, halafu anabaki anaangalia aikoni tu.

Mimi nashauri uanzie mwisho. Usiulize "programu gani ni kali", uliza injini ya gemu yako, yaani programu unayoiunganishia picha, saundi na kodi, itataka faili la aina gani, halafu rudi nyuma utafute programu nyepesi kuliko zote inayoweza kukutolea hilo faili kwenye mashine uliyonayo. Ukienda hivyo orodha ya programu arobaini inageuka kuwa tatu au nne.

Ili tusiongee hewani nitatumia gemu moja ya mfano mpaka mwisho. Muuza samaki yuko pale Feri, Dar, kunguru wanashuka kuiba samaki mezani, mchezaji anawagusa kuwafukuza kabla hawajafika. Basi, ndiyo gemu yote hiyo. Injini nitatumia Godot, ambayo walianzisha Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na tangu 2014 msimbo wake uko wazi kwa leseni ya MIT, hakuna mtu atakuja kukudai asilimia ukianza kuuza. Kama wewe uko Unity au GDevelop usijali, mafaili ni yaleyale.

HATUA YA 1: Andika orodha ya vitu kabla hujashusha chochote

Chukua karatasi, sio kompyuta. Kwa gemu ya kunguru orodha ni hii: kunguru anaruka, fremu nne, yaani picha nne za kufuatana. Kunguru kabeba samaki, unaweza kutumia fremu zilezile ukamchorea samaki mdomoni. Muuzaji, fremu mbili, kasimama na kanyanyua mkono. Meza, samaki wa aina mbili, bahari na mitumbwi kwa nyuma, batani tatu, fonti moja. Upande wa saundi: kunguru analia, kofi la kumfukuza, mlio wa samaki kuibiwa, mlio wa batani, mlio wa kushindwa, na muziki mmoja unaozunguka.

Hapo umeshajua mengi. Hamna 3D, kwa hiyo Blender, programu ya 3D, haikuhusu leo. Hamna mtu anaongea, kwa hiyo huhitaji maiki ya maana. Orodha ikizidi ukurasa mmoja punguza gemu, usiongeze programu.

Halafu amua staili ya michoro, maana ndiyo itakayochagua programu. Ziko tatu kwa ujumla: pikseli, yaani vile vidoti vya gemu za zamani, michoro laini ya mkono au ya maumbo, na 3D. Kama hujui kuchora nenda pikseli. Sio kwamba ni rahisi, watu wanadanganyana hapo, ila kukosea kunagharimu kidogo: picha ya 32 kwa 32 ina vidoti 1,024 tu, ukiharibu bawa unalirudia sasa hivi na chai haijapoa.

HATUA YA 2: Ijue mashine yako

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, subiri kidogo. Pale utaona RAM, na kwenye tabo ya Display utaona kadi ya picha. Usiruke hii.

RAM GB 4, zile laptopu used zilizojaa Kariakoo na kila mtaa, zinabeba vizuri programu za pikseli, Audacity ya kuhariri sauti, LMMS ya muziki na Godot yenyewe, ila ukianza projekti ya Godot 4, pale inapokuuliza namna ya kuonyesha picha, chagua Compatibility na sio Forward+, maana Forward+ inataka kadi inayokubali mifumo mipya ya picha kama Vulkan na kadi nyingi za zamani haziikubali. Krita, ya kuchora kwa brashi, itafunguka pia lakini usimfungulie turubai la pikseli 6,000 halafu ulalamike. Blender wenyewe wanasema kiwango cha chini ni GB 8, na upakuaji wake peke yake unazidi MB 300, fikiria bando kwanza.

Una simu tu? Bado unaweza kuanza. Godot ina toleo la Android, Piskel na Pixelorama zinafunguka kwenye browza, na vitengeneza saundi nitakavyovitaja huko chini vinafanya kazi kwenye browza ya simu. Utachoka vidole, hilo sikufichi.

Kuhusu kushusha: nenda saiti rasmi tu. godotengine.org, krita.org, gimp.org, inkscape.org, blender.org, audacityteam.org, lmms.io. Ukiandika jina la programu kwenye Google tokeo la kwanza linaweza kuwa tangazo la watu wengine kabisa, wanakupa programu ya kweli ikiwa imefungwa pamoja na takataka zao. Na usishangae ukiona Krita inauzwa kwenye duka la Microsoft au Steam, ni programu ileile, wanaolipia pale wanachangia watengenezaji, kwenye krita.org ni bure. Halafu kuna "bure" ya mitego: ya majaribio ya siku chache, au inayokupigia mhuri kwenye picha, au inayokukataza kuuza ulichotengeneza. Hizo achana nazo. Programu nilizozitaja hapa juu hazina hayo, na kwa zile zenye leseni ya GPL watu huwa wanaogopa bure, leseni ile inahusu msimbo wa programu, mchoro wako unabaki kuwa wako, unauza utakavyo.

HATUA YA 3: Mafaili ya mwisho, hapa ndipo kila kitu kinaamuliwa

Picha zote za gemu zitoke kwa PNG. JPG haina uwazi, kunguru wako atatokea kwenye kiboksi cheupe, na hata ukikifuta kingo zinabaki na uchafu uchafu kwa sababu JPG inabana picha kwa kutupa taarifa. Kama umechora kwa maumbo Godot inasoma SVG pia, inaigeuza kuwa pikseli wakati wa kuingiza, na unaweza kumwambia ukubwa unaotaka palepale.

Saundi fupi fupi kama kofi na batani zitoke kwa WAV, mashine haihangaiki kuifungua na inalia papo hapo. Muziki utoke kwa OGG. Hesabu yake hii hapa: WAV ya kawaida ya stereo, bit 16 na 44,100 kwa sekunde, inakula kama MB 10 kila dakika, kwa hiyo muziki wa dakika mbili ni MB 20, wakati OGG ya kbps 128 dakika hizohizo mbili ni kama MB 2. Mtu anayeshusha gemu yako kwa bando la siku anaiona tofauti hiyo. Na kwa nini sio MP3? MP3 inaacha kaupenyo ka ukimya mwanzoni na mwishoni mwa faili, wimbo wa kusikiliza huwezi kugundua, muziki wa kuzunguka utasikia umekatika kila ukirudi mwanzo.

Kwa hiyo programu yoyote utakayochagua swali ni moja tu: inatoa PNG yenye uwazi? Inatoa WAV au OGG? Kama ndiyo na mashine haikoromi, inatosha.

HATUA YA 4: Chagua programu ya kuchora

Kwa pikseli mimi naanza na LibreSprite. Ilikuwa hivi, Aseprite ambayo ndiyo maarufu zaidi kwa kazi hii ilikuwa GPL mpaka 2016 walipobadilisha leseni, watu wakachukua msimbo wa mwisho uliokuwa huru wakaendelea nao, ndiyo LibreSprite. Ni ndogo, inafunguka haraka hata kwenye mashine mzee, na mafunzo mengi ya Aseprite ya YouTube unayafuata humohumo na vitufe vingi ni vilevile. Pixelorama ni mbadala mzuri, yenyewe imetengenezwa kwa Godot, inasasishwa mara kwa mara na ina muonekano wa kisasa zaidi. Piskel ni ya browza, ya kujaribu tu kabla hujaamua, ila seivu faili kwenye mashine yako usiiachie browza.

Kwa michoro laini swali la kwanza ni una kalamu ya kuchorea au una mausi. Watu wanalipita swali hili halafu wanasema programu mbaya. Kama una kalamu chukua Krita, brashi zake ni tamu, ina animesheni ya fremu kwa fremu, na kuna kitu kimoja cha gemu kabisa: bonyeza W turubai linajirudia pande zote, ukichora maji au mchanga unaona palepale kama vipande vinaungana bila mshono. Kama una mausi tu nenda Inkscape, unajenga kwa maumbo, duara, mstatili, mstari unaoupinda, na batani zako na meza ya samaki zitatoka safi kuliko utakavyotetemesha mausi kwenye Krita.

GIMP je? Ni ya kukata, kupunguza ukubwa, kutoa mandharinyuma, kurekebisha rangi za picha uliyopiga, na inafungua PSD, faili la Photoshop, ukitumiwa na mtu. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025 na limetulia kuliko la zamani. Ila kwa kuchora toka mwanzo, hapana, sikushauri uanzie hapo hata kama kila mtu anakwambia GIMP ndiyo Photoshop ya bure.

Blender ukiwa na gemu ya 3D huna pengine pa kwenda na wala huhitaji. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa inaimiliki ilikufa, watu wakachangishana euro 100,000 kwa wiki saba wakainunua iwe huru, na mwaka 2025 filamu ya katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender ikachukua Oscar. Kwa hiyo uwezo upo. Muda wa kuijifunza ndio mrefu, ndiyo maana nimekwambia gemu ya kwanza iwe bapa.

HATUA YA 5: Mchore kunguru umpeleke mpaka ndani ya gemu

Usichore vitu vyote halafu ndiyo uingize. Chora kimoja, kipeleke mpaka kwenye injini, kione kinatembea, ndiyo urudi kwa vingine. Makosa ya ukubwa na ukungu yanaonekana hapo na sio kwenye programu ya kuchora.

Fungua LibreSprite, faili jipya, 32 kwa 32, mandharinyuma ya uwazi. Kabla ya kuchora chukua paleti ya rangi chache, kwenye saiti ya Lospec zipo nyingi bure, paleti ya PICO-8 yenye rangi 16 inatosha kwa gemu nzima. Rangi chache zinakusaidia wewe usiyejua kuchora kuliko unavyodhani, kwa sababu kila kitu kinafanana undugu bila kujitahidi. Game Boy ilikuwa na rangi nne na skrini ya 160 kwa 144 na watu walicheza usiku kucha.

Kunguru wetu wa mjini ana shingo ya kijivu, ndiyo inamtofautisha na ndege mweusi yeyote, kwa hiyo ile kijivu lazima iwepo hata kama ni vidoti sita. Usimpake nyeusi tupu, tumia bluu ya giza mwilini na nyeusi chini ya bawa, la sivyo anakuwa shimo kwenye skrini. Jicho ni kidoti kimoja cheupe. Mdomo mnene, kunguru sio njiwa. Weka mwili kwenye leya moja na bawa kwenye leya nyingine, leya ni kama karatasi angavu zinazopangwa juu ya nyingine.

Sasa bonyeza Alt na N kuongeza fremu, itanakili ya kwanza. Fremu ya kwanza bawa juu, ya pili bawa usawa wa mwili, ya tatu bawa chini, ya nne usawa tena. Wengi wanaishia hapo na kunguru anaonekana kama kaning'inizwa kwa uzi. Dawa yake: bawa likiwa chini pandisha mwili kidoti kimoja, bawa likiwa juu ushushe kidoti kimoja. Kidoti kimoja tu! Hapo anapata uzito. F3 inakuonyesha kivuli cha fremu ya jirani ili usipotee. Kila fremu inakuja na milisekunde 100, acha hivyohivyo, ni fremu kumi kwa sekunde, zinatosha.

Bonyeza Ctrl na E, chagua mkanda wa kulala, utapata PNG moja ya 128 kwa 32 yenye kunguru wanne kwa mstari. Iite kunguru_ruka.png, herufi ndogo, bila nafasi, kwa sababu Windows haijali herufi kubwa na ndogo lakini Android inajali, gemu inacheza kwako vizuri halafu kwenye simu picha haionekani.

Ndani ya Godot iburute kwenye folda ya projekti. Weka nodi, yaani kipande cha kujengea gemu, ya AnimatedSprite2D, kulia kwenye Sprite Frames tengeneza mpya, paneli itafunguka chini, tafuta kitufe chenye alama ya gridi, chagua faili, mwambie 4 kwa ulalo na 1 kwa wima, chagua zote, ongeza. Kasi inakuja ikiwa 5, iweke 10. Cheza.

Atakuwa na ukungu. Sio kosa la mchoro, injini inalainisha picha yenyewe ikiikuza. Ingia Project Settings, sehemu ya Rendering, Textures, pale kwenye Default Texture Filter weka Nearest, atakaa sawa na makali yake. Kwenye Display, Window weka upana 320 na urefu 180 na hali ya stretch iwe viewport. Namba hizo sio za kubahatisha, ukizidisha mara 4 unapata 1280 kwa 720, mara 6 unapata 1920 kwa 1080, kwa hiyo kila kidoti kinakua sawasawa. Na kuanzia hapo usikuze picha moja mara mbili na nyingine mara tatu ndani ya gemu, vidoti vya ukubwa tofauti kwenye skrini moja ndiyo kitu cha kwanza kinachofanya gemu ionekane ya kuungaunga.

Akisharuka vizuri, ndiyo urudi kwenye karatasi uendelee na muuzaji, meza na wengine.

HATUA YA 6: Saundi fupi

Hapa kuna njia mbili, kutengeneza kwa kubofya na kurekodi, na kwa gemu ya kunguru nazitumia zote.

Ya kubofya inaitwa sfxr. Jamaa mmoja wa Sweden, Tomas Pettersson, aliitengeneza Desemba 2007 kwa ajili ya washiriki wa Ludum Dare, mashindano ya kutengeneza gemu ndani ya saa 48, ili watu wasikose saundi kwa kukosa muda. Siku hizi ipo jsfxr ya kwenye browza, hushushi kitu. Kuna batani za kuokota sarafu, kuruka, kulipuka, kuumia, kila ukibofya inakupa mlio mpya, ukipenda mmoja unausogeza sogeza kidogo kwa vitelezi, unashusha WAV. Mlio wa batani, wa kushindwa na wa samaki kuibiwa vyote vinatoka hapa kwa muda mfupi sana. Shusha mitatu mitatu ya kila aina, utachagua ukiisikia ndani ya gemu.

Kunguru mwenyewe mrekodi. Dar hukosi kunguru, wanakuja wenyewe dirishani alfajiri. Tumia simu, kinasa sauti kikiwa na uchaguzi wa WAV chagua hiyo, maana simu nyingi zinatoa M4A na Audacity kwenye Windows haiifungui mpaka umwekee maktaba ya FFmpeg. Acha sekunde mbili tatu za ukimya kabla ya mlio, utazihitaji. Na ukiituma kwenye kompyuta kwa WhatsApp itume kama dokumenti, usirekodi kama voisi noti, voisi noti inabana sauti mpaka kunguru anakuwa anaongea ndani ya ndoo.

Fungua Audacity, hii ipo tangu 2000 na bado ndiyo ya kwanza kumshauri mtu. Mwaka 2021 ilinunuliwa na Muse Group watu wakapiga kelele sana kuhusu faragha, sera ikaandikwa upya, mambo yakapoa. Fanya hivi kwa mpangilio huu:

Chagua zile sekunde za ukimya, ingia menyu ya Effect, tafuta Noise Reduction, bonyeza Get Noise Profile. Hapo umemwonyesha kelele ya feni na barabara inafananaje. Sasa chagua sauti yote, rudi palepale, ukubali viwango vilivyopo, ukizidisha sana mlio unakuwa wa majimaji.

Kata mwanzo. Sio karibu na mlio, kwenye mlio wenyewe. Gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde kila fremu ni kama milisekunde 17, ukiacha ukimya wa milisekunde 100 mchezaji atagusa, kunguru atakimbia, sauti itakuja imechelewa na atasema gemu nzito wakati gemu haina shida. Ukimaliza kuchagua bonyeza Z, Audacity inasogeza mipaka mpaka pale wimbi linapokata sifuri, ndiyo dawa ya ule mlio wa "tk" mwanzoni na mwishoni.

Igeuze kuwa mono, yaani chaneli moja badala ya mbili za stereo. Kofi na kunguru hawahitaji stereo na faili linapungua nusu. Mwisho Normalize, inayopanga ukubwa wa sauti, mimi naweka dB -6 kwa saundi fupi badala ya -1 wanayoizoea watu, kwa sababu kwenye gemu zinalia tatu nne kwa pamoja juu ya muziki, zikijumlishwa zinapasua spika. Eksipoti WAV.

Kofi nalo unalirekodi, piga kandambili mezani. Kandambili ina mlio mzuri sana.

Kwenye Godot usiweke mlio mmoja wa kunguru ukalia vilevile kila mara, unakera haraka. Tengeneza AudioStreamRandomizer, mwekee milio mitatu na umruhusu abadilishe pichi kidogo, hapo kundi la kunguru linasikika kundi kweli.

HATUA YA 7: Muziki

Kama hujawahi kugusa muziki anza na BeepBox, ipo kwenye browza, unabofya viboksi noti zinatokea, na wimbo wako wote unahifadhiwa ndani ya linki yenyewe, ukiinakili linki umeseivu. Ukitosheka unatoa WAV, unaipitisha Audacity iwe OGG.

Ukitaka zaidi ya hapo chukua LMMS. Ina piano ya kuchora noti, sehemu ya kupanga biti, na sinthi nyingi ndani yake, ikiwemo FreeBoy inayoiga chipu ya sauti ya Game Boy, inaendana kabisa na michoro ya pikseli. Ujue tu kwamba toleo la kawaida la LMMS halirekodi sauti kwa maiki, kwa hiyo ukitaka ngoma ya kweli rekodi Audacity halafu iingize kama sampuli.

Urefu piga hesabu. Kwa BPM 120, yaani biti 120 kwa dakika, na biti nne kwa ba, kipande kimoja cha muziki, ba moja ni sekunde mbili, kwa hiyo ba 16 ni sekunde 32. Kwa gemu ndogo hiyo inatosha, ila usiweke melodi inayong'ang'ania kichwani, biti ya singeli inaenda vizuri na kunguru wanaoshambulia lakini iache iwe ngoma na bezi zaidi kuliko noti za juu, nafasi ya juu ni ya kunguru. Wakati wa kueksipoti kuna kisanduku cha kusema unatoa kama kipande cha kuzunguka, kiweke tiki, la sivyo LMMS inaongeza mkia wa ukimya mwishoni. Ndani ya Godot chagua ile OGG, tabo ya Import, weka tiki kwenye Loop, bonyeza Reimport. Wengi wanasahau hiyo Reimport halafu wanaandika kodi ya kurudisha wimbo.

HATUA YA 8: Vya kuchukua kwa watu

Sio lazima utengeneze kila kitu. Kenney ana maelfu ya picha, batani na saundi kwa leseni ya CC0, maana yake chukua, badilisha, uza, hata jina usitaje. OpenGameArt ina vingi pia ila kila kimoja na leseni yake. Freesound, iliyoanzishwa 2005 na chuo kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, ni hazina ya sauti, unajisajili kisha unashusha.

Soma leseni ya kila kitu kimoja kimoja. CC0 huru. CC BY unatumia lakini lazima umtaje mwenyewe. CC BY-SA unamtaja na ukiibadilisha kazi ile unaitoa kwa leseni hiyohiyo. CC BY-NC usiitumie kabisa, maana inakataza biashara na ukiweka tu matangazo kwenye gemu umeshaingia biashara. Picha za Google sio za bure. Na wimbo wa Bongo Fleva unaoupenda usiuweke hata kipande cha sekunde tano bila ruhusa ya wenyewe, hiyo stori ya kwamba sekunde chache hazihesabiki usiitegemee.

Tengeneza faili la maandishi ndani ya projekti tangu siku ya kwanza, liite leseni.txt, na kila unapoingiza kitu andika mstari palepale:

kunguru_mlio.wav, nimerekodi mwenyewe
batani_bluu.png, Kenney, CC0
mawimbi.ogg, Freesound, jina la aliyerekodi, linki, CC BY

Ukisema utaandika mwisho hutakumbuka mawimbi uliyatoa wapi, na itabidi uyafute.

Folda nazo ziwe mbili. Moja ya mafaili ya kazi, yale ya LibreSprite, Audacity na LMMS yenye leya zake, hii ikae nje ya projekti ya Godot. Nyingine ya mafaili yaliyotoka, PNG, WAV na OGG, ndiyo inayoingia kwenye gemu. Ya kwanza inakili kwenye flashi au Google Drive kila ukimaliza kazi, umeme ukikata ukiwa unaseivu unaweza kupoteza kunguru wa wiki nzima.

HATUA YA 9: Jaribu kwenye simu ya bei ya chini

Toa gemu, iweke kwenye simu ya mtu wa kawaida, sio ya kwako kama ni kali. Angalia kwanza juani, bluu ya giza ya kunguru na bluu ya bahari mara nyingi zinamezana, ukiona hivyo mzungushie kunguru mstari wa rangi nyepesi wa kidoti kimoja au ing'arishe bahari.

Kisha sikiliza kwa spika ya simu bila hedifoni. Bezi yote uliyoihangaikia kwenye LMMS itakuwa haipo, spika ndogo haziwezi kuitoa, na kama muziki wako ulikuwa bezi tupu utasikia ukimya na kunguru. Ipandishe ile bezi oktavu moja au iongezee sauti nyingine ya juu yake inayocheza noti hizohizo. Mlio wa kushindwa wa jsfxr nao ukiwa chini sana hausikiki, rudi uongeze frikwensi. Halafu weka batani ya kuzima muziki peke yake na saundi peke yake, mtu akiwa kwenye daladala anataka kucheza bila kusumbua watu, ukimnyima hiyo batani atafunga gemu yote.